KWA NINI PICHA HUHARIBIKA, NA NJIA ZA KUPATA PICHA NJEMA PENYE MWANGA WA SHIDA

Hapana jambo limvunjalo moyo mtu mwenye kamera kama kuona kwamba picha aliyoitumainia imekuwa giza tupu, au imekuwa nyeupe kama karatasi, au nyuso za watu zimekuwa kama moshi. Arusi haifungwi mara mbili ili mpiga picha apate nafasi ya pili. Mzee aliyepigwa picha moja tu maishani mwake akiisha kuzikwa, picha hiyo ndiyo watakayoitazama wajukuu. Ikiwa imeharibika, hakuna wa kuitengeneza tena. Kadhalika msafiri ambaye picha ya hati yake imekataliwa kwa sababu uso wake hauonekani vizuri, hupoteza siku, nauli na pengine safari yenyewe.

Aghalabu lawama humwangukia mwenye duka la picha, au kamera husemwa kuwa mbovu. Ni kweli kwamba ziko kamera mbovu na wako mafundi wazembe. Lakini mara nyingi kamera imefanya kazi yake sawasawa, na kosa limetokea kwa sababu mwenye kuishika hakuutazama mwanga kabla ya kubonyeza. Makala haya yanaeleza jinsi kamera inavyofanya kazi, mahali inapodanganyika, na mambo machache ambayo mtu yeyote, awe na kamera ya filamu au simu ya mkononi, aweza kuyafanya ili apate picha njema.

Kamera Haioni Kama Jicho

Jicho la mtu ni kitu cha ajabu. Mtu akisimama mlangoni mwa nyumba adhuhuri, aweza kumwona mama aliyeketi gizani ndani na vile vile mbuzi walio juani nje. Jicho hujirekebisha upesi, na akili hujaza palipopungua. Kamera haina uwezo huo. Yachagua moja: ama ionyeshe ndani na nje pawe peupe tupu, ama ionyeshe nje na ndani pawe peusi tupu. Simu nyingi za siku hizi hujaribu kuipunguza shida hiyo kwa kupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, lakini hata hizo zina mpaka wake.

Basi jambo la kwanza la kujifunza ni hili: mtu asiulize tu, "Je, naona vizuri?" bali aulize, "Mwanga unatoka wapi, unaangukia nini, na tofauti kati ya penye jua na penye kivuli ni kubwa kiasi gani?" Kuna njia rahisi ya kupima. Mtu na afinye macho mpaka aone kidogo tu. Vitu vinavyopotea katika giza wakati huo ndivyo vitakavyopotea katika picha.

Mambo Matatu Yanayopima Mwanga

Kamera ni sanduku la giza lenye tundu mbele. Mwanga ukiingia kidogo mno picha huwa nyeusi. Ukiingia mwingi mno picha huungua. Yapo mambo matatu yanayotawala jambo hilo, nayo hufanana na kujaza debe bombani.

La kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi, kama upana wa bomba. Tundu hutajwa kwa namba: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Watu wengi hukosea hapa, kwa kuwa namba kubwa ni tundu dogo. Sababu ni kwamba namba hiyo ni ya kugawanya. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye 4, upana wa tundu ni milimita 12 na nusu. Ikiwekwa kwenye 16, upana ni milimita 3 na kidogo. Kila hatua moja ya kupanda namba hupunguza mwanga kwa nusu. Tundu dogo lina faida yake pia: vitu vilivyo karibu na vilivyo mbali huonekana vizuri kwa pamoja.

La pili ni muda ambao mlango wa ndani, uitwao shata, unakaa wazi, kama muda wa kuacha bomba likitiririka. Muda huo huwa 1/30 ya sekunde, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500 na kuendelea. Hapa nako kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu, au karibu nusu.

La tatu ni wepesi wa filamu, au wa kamera ya simu, kuhisi mwanga. Huo hutajwa kwa namba 100, 200, 400, 800 na zaidi. Namba ikiongezeka mara mbili, mwanga unaohitajiwa hupungua kwa nusu, kama kwamba mtu amechukua debe dogo zaidi linalojaa upesi. Lakini wepesi mwingi una gharama: picha huwa na chembechembe kama mchanga.

Mtu aliyeyaelewa mambo haya matatu huona kwamba hatua moja iliyopunguzwa mahali pamoja yaweza kurudishwa mahali pengine. Tundu 8 na 1/250 huingiza mwanga sawa na tundu 11 na 1/125. Kuchagua kati ya hayo kunategemea kama anapiga mbio za watoto, ambazo zahitaji muda mfupi, au jamaa waliojipanga kwa safu tatu, ambao wahitaji tundu dogo.

Kwa mwenye kamera ya filamu isiyo na kipimo cha mwanga, iko kanuni ya zamani ambayo bado inafaa. Penye jua kali, weka tundu kwenye 16, na muda wa shata uwe moja juu ya namba ya filamu. Yaani filamu ya 100 hupigwa kwa 1/125, ambayo ndiyo iliyo karibu. Halafu muda ubaki ule ule, na tundu libadilishwe hivi:

Jua kali lenye vivuli vyeusi: 16.
Jua lililofunikwa na utando mwembamba, vivuli hafifu: 11.
Mawingu meupe, hakuna vivuli: 8.
Mawingu mazito ya mvua: 5.6.
Kivulini mahali pa wazi, huku jua likiwaka nje: 4.

Jua la Utosini

Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kama Kenya, jua la adhuhuri hukaa karibu utosini. Kwa picha za watu, hakuna mwanga mbaya kuliko huo. Paji la uso na pua hung'aa, na macho huingia katika mashimo meusi. Mtu aliyevaa kofia hupotewa na nusu ya uso wake.

Mashauri ya zamani yalisema kwamba jua lazima liwe mgongoni mwa mpiga picha. Mashauri hayo yalikuwa na sababu yake. Kamera za sanduku, kama ile Brownie iliyotolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1900 kwa bei ya dola moja ya Marekani, zilikuwa na tundu dogo, na filamu za siku zile zilikuwa nzito kuhisi mwanga; bila jua kumpiga mtu usoni hakuna kilichoonekana. Filamu na kamera za baadaye hazina haja hiyo. Mwenye kuifuata kanuni hiyo bila kufikiri huwapanga watu wakilikabili jua, nao hukunja nyuso na kufumba macho, na picha huonekana kama ya watu waliokasirika.

Yafaa kuchagua saa. Asubuhi kabla ya saa tatu, na jioni baada ya saa kumi, jua hushuka na mwanga wake huwa laini, nao huingia machoni mwa mtu badala ya kuanguka utosini. Ikiwa shughuli yenyewe ni ya adhuhuri, kama ilivyo katika arusi nyingi, basi watu na wapelekwe kivulini: chini ya mwembe mkubwa, barazani, au upande wa jengo usio na jua. Wasimame karibu na ukingo wa kivuli, nyuso zikielekea mahali pa wazi penye mwanga. Hapo nyuso zote hupata nuru iliyo sawa.

Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, kivuli cha majani machache hakifai, kwa sababu matone ya jua hupita katikati na kuwapaka watu madoa meupe. Pili, nuru huchukua rangi ya kitu ilikotoka. Chini ya majani mabichi nyuso huwa na rangi ya kijani, na karibu na udongo mwekundu huwa nyekundu.

Pasipo na kivuli, mtu aweza kusimama jua likiwa nyuma yake au ubavuni, na mwenzake akashika shuka jeupe au karatasi kubwa nyeupe mbele, chini kidogo ya kifua, ili irudishe mwanga usoni. Kazi hiyo yaweza kufanywa vile vile na taa ya kamera, ambayo wengi huiita flashi. Watu hushangaa kuona flashi ikiwashwa mchana, lakini hapo ndipo inapofaa sana, kwa kuwa hujaza mashimo ya macho.

Uso Mweusi na Ukuta Mweupe

Sasa tufike kwenye kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote katika nchi za Afrika. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kama kinatazama mtu, ukuta au ng'ombe. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kitu kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha rangi ya kijivu cha wastani, chenye kurudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Ikiwa sehemu kubwa ya picha ni nyeupe, kamera hudhani kwamba mwanga umezidi, nayo huupunguza. Ndiyo sababu chumvi nyeupe ya Ziwa Magadi na mchanga wa pwani hutoka katika picha vikiwa na rangi ya majivu.

Fikiri basi juu ya mtu mwenye ngozi nyeusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe, au aliyevaa kanzu nyeupe, au aliye katikati ya uwanja wenye mbingu angavu. Kamera huupima ukuta, kanzu na mbingu, kisha hupunguza mwanga. Na uso, ambao ndio sababu ya picha, huzama gizani. Meno na macho tu ndiyo huonekana. Watu wamefanyiana mzaha juu ya picha za namna hiyo kwa miaka mingi, na wengine wakadhani kwamba uso mweusi haupigiki vizuri. Hilo si kweli hata kidogo. Kosa ni la kipimo.

Yafaa pia kujua kwamba vifaa vyenyewe havikutengenezwa kwa kuwafikiria watu wote. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilipeleka kwa maduka ya kusafisha picha za rangi kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, ili mafundi walinganishe rangi zao na ngozi yake. Ngozi nyeusi haikuwamo katika kipimo hicho. Filamu zenye kuonyesha vizuri zaidi rangi ya kahawia zilikuja baadaye, na inaelezwa kwamba malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti yalisaidia kuleta mabadiliko hayo. Katika miaka ya 1990 kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitolewa. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza kwamba imerekebisha kamera ya simu yake ya Pixel 6 ili ionyeshe ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Maendeleo yapo, lakini hayamwondolei mpiga picha wajibu wa kufikiri.

Dawa ni hizi. Mwenye simu na auguse uso wa mtu katika kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kipimo kichukuliwe hapo. Kisha, ikiwa uso bado ni mweusi mno, apandishe alama ya mwanga kidogo kidogo mpaka uso uonekane kama ulivyo. Mwenye kamera yenye alama za kuongeza na kupunguza, akutanapo na ukuta mweupe, aongeze hatua moja au moja na nusu. Mwenye kipimo cha mkono au kamera ya zamani aweza kupima kiganja chake mwenyewe katika mwanga ule ule uliomwangukia mtu, kisha aongeze hatua moja, kwa sababu viganja vya watu wengi havitofautiani sana, navyo ni vyeupe kuliko kile kijivu cha wastani kwa karibu hatua moja.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu akisimama mbele ya pazia jeusi au mlango wenye giza, kamera huongeza mwanga, na nguo nyeupe huungua. Hapo ni kupunguza.

Arusi ndiyo mtihani mkubwa, kwa kuwa bibi arusi amevaa nguo nyeupe, bwana arusi suti nyeusi, nao wote wawili wanataka kuonekana. Juani kazi hiyo karibu haiwezekani. Kivulini yawezekana, kwa sababu nuru ni moja kwa wote wawili, na tofauti inayobaki ni ya nguo tu. Nyuma yao kuwe na kitu kisicho cheupe wala cheusi: ua wa miti, ukuta wa mawe, au mlango wa mbao.

Kwa picha ya hati, ambayo mara nyingi hutakiwa iwe na ukuta mweupe nyuma, mtu asimame mbali na ukuta kadiri ya hatua moja au mbili ili kivuli chake kisionekane, na uso wake uelekee dirisha kubwa lisiloingiza jua lenyewe. Mwanga upimwe usoni, si ukutani. Jasho lifutwe kwa leso, kwa kuwa ngozi yenye mafuta hung'aa na kuacha madoa meupe.

Tofauti moja ikumbukwe. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua; ukiwa na shaka, ongeza hatua moja. Kamera za kidijiti na simu hazivumilii hivyo: sehemu nyeupe ikiisha kuungua haina kitu cha kurudisha. Kwa hiyo mwenye simu aangalie uso kwanza, lakini asiisahau kanzu.

Nuru Inayotoka Nyuma

Shida iliyo ndugu wa hiyo ni ya mtu aliyesimama mbele ya dirisha, mlango, au bahari wakati wa asubuhi. Huyo hutoka kama kivuli cheusi kilichokatwa kwa mkasi. Njia iliyo rahisi ni kumgeuza mtu, au mpiga picha mwenyewe azunguke mpaka dirisha liwe ubavuni. Ikiwa haiwezekani, asogee karibu, uso ujaze sehemu kubwa ya picha, kisha apime hapo. Au awashe flashi. Tena azuie jua lisiingie moja kwa moja katika lenzi kwa kulikinga kwa mkono au kofia, la sivyo picha yote hupata utando mweupe.

Jioni, Usiku na Ndani ya Nyumba

Karibu na ikweta jua huzama likishuka moja kwa moja, na giza huingia katika muda wa nusu saa hivi. Mpiga picha aliyesubiri mpaka hotuba ziishe hujikuta hana mwanga. Kamera yake, ikiwa inajiendesha yenyewe, huiacha shata wazi kwa muda mrefu, na picha hutoka imetikisika.

Kwa lenzi ya kawaida, watu wengi hawawezi kuishika kamera bila kutikisa ikiwa muda umepita 1/60, yaani 1/30 na kuendelea. Basi mtu na aegemee ukuta au mti, abane viwiko mbavuni, atoe pumzi nusu, kisha abonyeze polepole. Akipata meza au kiti cha kuwekea kamera, ni bora zaidi. Aweza pia kuongeza wepesi hadi 800 au 1600 na kukubali chembechembe. Picha yenye chembechembe ni afadhali kuliko picha ambayo nyuso hazitambulikani. Simu zenye njia ya kupiga usiku hukusanya mwanga kwa muda wa sekunde kadhaa. Anayepigwa na asimame kimya mpaka kazi iishe.

Flashi ina nguvu karibu tu. Mwanga wake hupungua upesi sana: mtu aliye mita 4 hupata robo tu ya mwanga anaoupata mtu aliye mita 2. Ndiyo sababu katika picha ya ngoma ya usiku waliokaa mbele huwa weupe na walio nyuma hupotea. Watu na wapangwe wawe umbali mmoja na kamera. Tena ni bure kuwasha flashi ya simu katika uwanja wa mpira usiku; itaangaza visogo vya waliokaa mbele, basi.

Vitu Vinavyokwenda

Mtoto akimbiaye, mchezaji wa mpira na pikipiki huhitaji muda mfupi: 1/250 kwa mwendo wa kawaida, 1/500 au mfupi zaidi kwa mbio. Anayekuja kuelekea kamera ni rahisi kumpiga kuliko anayepita mbele yake kwa ubavu. Tena kila mruko una kilele ambapo mtu husimama hewani kwa nukta moja. Mwenye subira hungoja hapo. Akiwa na mwanga mdogo, aweza kumfuata mkimbiaji kwa kugeuza kamera pamoja naye, akibonyeza bila kusimama. Mkimbiaji hutoka vizuri na nyuma yake hupata michirizi ionyeshayo mwendo.

Vumbi, Joto na Unyevu

Kabla ya kulaumu mwanga, tazama kioo cha lenzi. Simu hukaa mfukoni na hushikwa kwa vidole vyenye mafuta, na alama moja ya kidole yatosha kutia ukungu picha nzima na kuzipa taa za usiku mikia mirefu. Pangusa kwa kitambaa laini kilicho safi. Mchanga upeperushwe kwanza, kwa sababu ukisuguliwa hukwaruza kioo.

Katika hewa ya pwani yenye unyevu, kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi kwa miezi mingi. Heri itolewe mara kwa mara na kupata hewa. Filamu isiachwe ndani ya gari lililosimama juani, kwa kuwa joto huharibu rangi zake. Na kamera iliyotoka katika baridi ya alfajiri ya Limuru ikiingizwa katika jiko lenye moto hupata umande juu ya lenzi. Ingoje kidogo mpaka ukauke.

Jinsi ya Kuisoma Picha Iliyoharibika

Picha mbaya isitupwe kabla ya kuulizwa sababu, maana ni mwalimu asiyelipwa.

Ikiwa kila kitu kina ukungu wenye kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Ikiwa mti ulio nyuma ni safi na uso una ukungu, umbali ulikosewa. Ikiwa nyumba ni safi na mtoto tu ana ukungu, muda ulikuwa mrefu. Ikiwa uso ni mweusi na mbingu ni nzuri, kipimo kilichukuliwa mbinguni. Ikiwa picha yote ina utando mweupe, lenzi ilikuwa chafu au jua liliingia ndani yake.

Mwenye filamu ana shahidi mwingine, nayo ni negativu. Ailete mbele ya dirisha. Negativu iliyo nyepesi, karibu haina kitu, ilikosa mwanga, na hakuna fundi awezaye kutoa alama ambazo hazikuandikwa. Negativu iliyo nzito na nyeusi ilipata mwanga wa kupita kiasi. Huenda fundi akaisaidia. Lakini ikiwa negativu ni nzuri, yenye alama wazi penye giza na penye nuru, na picha ya karatasi ni mbaya, basi hapo ndipo ilipo haki ya kurudi dukani na kuomba isafishwe tena.

Uangalifu Hushinda Vifaa

Asifikiri mtu kwamba mambo haya yanahitaji kamera ya fedha nyingi. Huko Bamako, katika nchi ya Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alitumia kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18, akawapiga watu wengi uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mtu picha moja tu. Alimpanga mtu wake, akautazama mwanga usoni pake, kisha ndipo akapiga. Picha zake za miaka ile zimeonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani, na nyuso nyeusi ndani yake zina nuru na heshima.

Mwenye simu leo aweza kupiga picha mia bila kulipa kitu, na hiyo ni faida, maana aweza kujaribu, akatazama, akarekebisha papo hapo. Lakini wingi haurekebishi kosa lile lile lililorudiwa mara mia. Kabla ya kubonyeza na atafute mwanga unakotoka, auangalie uso, apangushe lenzi, atulize mkono. Na kwa jambo lisilorudi, kama arusi, au mzee aliyekubali kuketi kwa dakika chache, apige moja kama kamera inavyotaka, kisha nyingine yenye mwanga ulioongezwa hatua moja. Gharama yake ni ndogo, na watakaokuja nyuma watapata uso wa kuutazama.